Mpira wa mazoezi: kujenga balansi na nguvu za kiwiliwili bila kuumiza mgongo

#1 Mwalimu_Viungo

Wakuu, heshima kwenu.

Mpira mkubwa wa mazoezi unanunuliwa sana, lakini wengi wanautumia vibaya. Mtu anaukalia na kurukaruka, anapiga sit-apu hamsini juu yake, siku nyingine anajaribu kuusimamia kwa miguu, na baada ya mwezi anauweka pembeni akisema hauna faida. Kosa ni moja: anadhani zoezi ni kule kuyumba. Kazi ya mpira ni kukutoa kwenye mstari, na kazi ya misuli yako ni kugoma kutoka. Sekunde ambazo mpira unakaribia kutulia chini yako ndizo zinazojenga. Kwa hiyo naomba kila zoezi tutakalotaja humu, tuseme pia ni kiungo gani kinatakiwa kitulie.

Nikisema kiwiliwili simaanishi tu ile misuli ya mbele inayoonekana kwa macho. Chukulia pipa. Mfuniko wa juu ni kiwambo, ule msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu. Kitako cha pipa ni misuli ya sakafu ya nyonga. Mbele na ubavuni ni tabaka za misuli ya tumbo, na ile ya ndani kabisa inazunguka kiuno kama mshipi. Nyuma kuna vimisuli vifupi vinavyoshikanisha pingili za uti wa mgongo, na juu yake misuli mirefu ya mgongo. Pipa likikazwa pande zote kwa pamoja, uti wa mgongo unapata egemeo. Upande mmoja ukilegea, mzigo unahamia kwenye pingili na viungo vyake. Ndiyo maana mtu mwenye tumbo lililochongeka anaweza kushindwa kukaa juu ya mpira na mguu mmoja hewani kwa sekunde kumi.

Kifaa chenyewe kilianzia kwenye tiba. Aquilino Cosani wa Italia aliutengeneza mwaka 1963, kisha Mary Quinton, mtaalamu wa fiziotherapia kutoka Uingereza aliyekuwa akifanya kazi Uswisi, akautumia kwa watoto wachanga. Susanne Klein-Vogelbach wa Basel akauingiza kwenye matibabu ya watu wazima. Wataalamu wa Marekani waliouona huko ndio walioanza kuuita mpira wa Uswisi. Nayataja haya kwa sababu taratibu nyingi za mwanzo zilikuwa za polepole, zenye mjongeo mdogo, na bado ndizo bora kwa anayeanza.

Ukubwa, kwa kipimo cha urefu wa mtu:

- chini ya sm 152 hivi: mpira wa sm 45
- sm 152 hadi 168: sm 55
- sm 169 hadi 185: sm 65
- zaidi ya hapo: sm 75

Hayo ni makadirio ya kuanzia. Hakimu wa mwisho ni mkao: kaa katikati ya mpira, nyayo zote chini, goti likunjwe nyuzi 90 au zaidi kidogo, na nyonga ziwe sawa na magoti au juu yake kwa vidole viwili. Magoti yakiwa juu ya nyonga, mpira ni mdogo au hauna upepo wa kutosha, na kiuno kitapinda kwa nyuma hata ukijitahidi vipi. Vidole vya miguu pekee vikigusa sakafu, mpira ni mkubwa.

Mwenye mengine aongeze. Nitarudi na mazoezi.

#2 Futikamba

Niongeze kwenye kujaza upepo, maana hapa ndipo wengi wanaharibu mpira kabla hata ya kuukalia.

Mpira mpya uache chumbani saa mbili au zaidi ili upate joto la chumba. Plastiki ikiwa ya baridi ni ngumu, haitanuki sawasawa. Jaza hadi kama asilimia 80 ya kipenyo kilichoandikwa, yaani mpira wa sm 65 uishie sm 52 hivi. Ziba, uache saa 24. Kisha malizia hadi kipenyo chake. Siku chache baadaye utauona umelegea, na mwenye mpira atadhani unavuja. Mara nyingi ni plastiki imetanuka tu. Ongeza upepo kidogo na utatulia.

Kinachopimwa ni kipenyo. Kuubonyeza kwa kidole hakukwambii kitu cha maana. Sogeza mpira ukutani, weka ubao au kitabu kigumu juu yake kikiwa kimelala sawa, weka alama ukutani mahali ubao unapogusa, kisha pima kutoka sakafuni hadi kwenye alama. Njia nyingine ni kuuzungushia kamba kwenye tumbo lake na kupima kamba hiyo: sm 45 itatoa kamba ya sm 141, sm 55 itatoa 173, sm 65 itatoa 204, na sm 75 itatoa 236. Tahadhari kwamba futikamba ya fundi cherehani kwa kawaida ni ya sm 150, haitoshi kuuzunguka mpira mkubwa. Ndiyo maana nasema kamba kwanza.

Usizidishe kipenyo kilichoandikwa hata kama mpira unaonekana laini. Na kama mwili wako uko kati ya saizi mbili, chukua kubwa uijaze pungufu. Kuchukua ndogo na kuijaza kupita kiasi ni kutafuta mpasuko.

Sakafu: mkeka wa mazoezi usioteleza, au zulia fupi. Kigae chenye unyevu na soksi ni hatari. Peku au viatu vya raba.

#3 Mwalimu_Viungo

Shukrani Futikamba. Sasa hatua ya kwanza, kukaa. Watu wanaidharau kwa sababu haitoi jasho, halafu wakifika kwenye planki (kujishikilia juu ya vigasha mwili ukiwa umenyooka) ndipo wanagundua kwamba hawajui kiuno chao kiko wapi.

Kaa katikati, miguu upana wa nyonga, mikono juu ya mapaja. Tembeza nyonga mbele na nyuma polepole: mara mgongo wa chini uingie ndani, mara uzunguke kwa nje. Fanya mara nane. Kisha simama katikati ya ncha hizo mbili, pale ambapo unahisi umekalia mifupa miwili ya makalio na mbavu zimekaa juu ya nyonga kama sufuria juu ya sufuria. Huo ndio mkao wa kati. Kila zoezi la uzi huu linaanzia hapo.

Kutoka hapo, inua kisigino cha kulia peke yake na ushushe. Kisha kushoto. Ikiwa nyonga hazikuhama, inua unyayo mzima kwa sm 2 tu, kaa sekunde 5, shusha. Mara sita kila upande, seti 2. Kinachotakiwa kutulia ni kitovu: kisiende upande wa mguu uliobaki chini. Weka kidole kimoja kwenye kitovu ukijikagua, utakiona kikikimbia kabla hujahisi chochote mgongoni.

Makosa ya hatua hii ni haya. Kuinua mguu juu sana, hapo kiuno kinazunguka kwa nyuma na misuli ya mbele ya paja ndiyo inayofanya kazi yote. Kupandisha bega la upande wa mguu ulioinuka. Kukazia macho sakafuni, jambo linalovuta shingo na kifua chini. Tazama mbele, kwenye kitu kisichosogea kilicho usawa wa macho. Na kubana magoti pamoja kama mtu aliyeshikwa na baridi.

Ukiweza mara sita bila kitovu kuhama, sogeza nyayo zikaribiane hadi ziguse. Likiwa rahisi tena, kunja mikono kifuani. La mwisho kabisa, funga macho. Mwili unapata habari za balansi kutoka macho, kutoka sikio la ndani, na kutoka kwenye vihisio vya misuli, viungo na ngozi ya nyayo. Ukifunga macho umeondoa chanzo kimoja, na vingine vinalazimika kubeba. Tofauti yake ni kubwa, kwa hiyo kwa mara ya kwanza kaa karibu na ukuta au kiti kizito, miguu uirudishe upana wa nyonga.

Kanuni yangu: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Upana wa miguu, au mikono, au macho, au upepo wa mpira. Ukibadilisha viwili ukashindwa, hujui kilichokushinda ni kipi.

#4 Pumzi_Kwanza

Mwalimu, hapo kwenye upepo wa mpira fafanua kidogo, wengi wanadhani mpira laini ndio mgumu kufanyia.

Na mimi niseme la pumzi. Dalili ya kwanza kwamba zoezi limemzidi mtu ni pumzi kukatika. Hujashindwa kwa kuanguka, umeshindwa ulipoacha kupumua. Vuta hewa kwa pua, mbavu za chini zitanuke kwenda pembeni, toa kwa mdomo uliobanwa kidogo. Ukifika mwisho wa kutoa hewa utahisi tumbo la chini linajikaza lenyewe; shikilia mkazo huo huku ukivuta hewa inayofuata. Kiwango cha mkazo ni kama wa mtu anayejua anakaribia kusukumwa begani, usizidi hapo. Kuvuta kitovu ndani hadi tumbo libonyee kunapunguza upana wa egemeo, sikushauri.

Hesabu kwa pumzi badala ya sekunde. Pumzi tatu za taratibu ni kama sekunde 10 hadi 15.

#5 Mwalimu_Viungo

Swali zuri. Mpira uliojaa pungufu unabonyea chini, eneo linalogusa sakafu linakuwa pana, hivyo hauviringiki kirahisi. Huo ni wa anayeanza. Ukiujaza hadi kipenyo chake unagusa sakafu kwa eneo dogo na unakimbia kwa msukumo mdogo. Kwa hiyo mpira mgumu ndio zoezi gumu. Kwa mzee au mtu anayetoka kwenye maumivu, punguza upepo kidogo na uuzuie kwa taulo iliyokunjwa kama pete chini yake. Hakikisha tu magoti hayapandi juu ya nyonga.

#6 NyongaImara

Daraja lisisahaulike, maana makalio na misuli ya nyuma ya paja ni sehemu ya egemeo la kiuno.

Lala chali, mpira chini ya miguu. Anayeanza aweke mpira chini ya magoti na mapaja. Aliyezoea auweke chini ya mashavu ya miguu. Mwenye nguvu auweke chini ya visigino. Kadiri mpira unavyokwenda mbali na nyonga ndivyo wenzo unavyorefuka na uzito kuongezeka, ingawa mwili ni uleule. Mikono sakafuni, viganja chini, pembeni mwa mwili. Kaza makalio kwanza, kisha inua nyonga hadi bega, nyonga na kifundo viwe kwenye mstari. Pumzi mbili juu, shuka. Mara 8 hadi 10, seti 2 au 3. Kinachotulia: nyonga zisishuke upande mmoja, na mpira usiende kushoto na kulia.

Likikaa vizuri, vuta mpira kwa visigino kuelekea makalio huku nyonga zikibaki juu, kisha urudishe kwa kuhesabu hadi tatu. Mara 6 zinatosha mwanzoni.

Mkakamao nyuma ya paja ni jambo la kawaida hapa. Mara nyingi chanzo ni makalio kulala, hivyo misuli ya paja inabeba mzigo wote peke yake. Shuka, nyoosha mguu, kisha anza tena mpira ukiwa karibu zaidi na nyonga, na kaza makalio kabla ya kuinuka. Ukihisi kazi kwenye kiuno badala ya makalio, umepandisha nyonga kupita mstari. Shusha sm 3 au 4.

#7 Kigasha

Niingie kwenye planki na zoezi la kukoroga, kwa sababu ndipo mpira unapokipita kifaa kingine chochote cha bei rahisi.

Planki ya magoti kwanza. Piga magoti kwenye mkeka, weka vigasha viwili juu ya mpira, viwiko chini ya mabega, vidole vimefumbatwa bila kubana. Sogeza magoti nyuma hadi mwili uwe mstari kutoka bega hadi goti. Sukuma viwiko ndani ya mpira kana kwamba unataka kuubonyeza, ili mabega yaondoke masikioni. Kaza makalio. Pumzi tatu, pumzika sekunde 20, rudia mara tano. Vipindi vifupi vya sekunde 10 vinavyorudiwa vinafaa kuliko dakika mbili za kutetemeka, kwa kuwa katika hizo dakika mbili mkao mzuri huwa umekwisha mapema, na zinazobaki unajizoeza kuning'iniza kiuno.

Ukimudu mara tano, inua magoti. Miguu iwe mipana kuliko mabega, ndiyo breki yako. Kuisogeza ikaribiane ni hatua ya baadaye.

Kukoroga sasa. Zoezi hili limesambazwa sana na Stuart McGill, profesa mstaafu wa Chuo Kikuu cha Waterloo huko Kanada aliyebobea katika mekanika ya mgongo. Uko kwenye planki ya mpira, magoti chini au juu kulingana na uwezo wako. Zungusha viwiko kama mtu anayekoroga chungu kizito: mbele, kulia, nyuma, kushoto. Duara la kwanza liwe na ukubwa wa kisahani cha kikombe. Raundi 4 upande wa saa, 4 kinyume chake, pumzika.

Tazameni kwa karibu kinachotokea. Viwiko vikienda mbele, umbali kati ya bega na egemeo unarefuka, na kiuno kinataka kudondoka. Misuli ya mbele ya tumbo inakizuia. Viwiko vikienda kulia, mpira unataka kuzungusha kifua. Misuli ya ubavuni inakataa. Vikirudi nyuma unapata nusu sekunde ya nafuu, na hapo ndipo watu wanapolegeza makalio, kisha duara linalofuata linawakuta wazi. Kwa hiyo kosa la mbele linaanzia nyuma. Mwombe mtu aweke fimbo nyepesi ya ufagio mgongoni mwako, iguse kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa chini ya kiuno. Mikono inakoroga, fimbo haiyumbi. Fimbo ikibingirika upande, duara ni kubwa kwako. Ikiachia kisogo, umeinamisha kichwa. Nafasi kati ya fimbo na kiuno ikiongezeka hadi kiganja kizima kupita kwa ulegevu, simama, umeisha.

Kupanua duara hadi ukubwa wa sahani ya chakula kunaweza kuchukua wiki kadhaa. Hakuna haraka.

Kusukuma mpira mbele ukiwa umepiga magoti ni ndugu wa hilo. Ngumi juu ya mpira, mwili mzima uinamie mbele kama mlango unaofunguka kwenye bawaba za magoti, ngumi zibingirike hadi vigasha vigusane na mpira. Simama kabla kiuno hakijaingia ndani, rudi. Makosa mawili: kubaki na makalio nyuma na kurefusha mikono tu, hapo tumbo halifanyi kitu, na kurudi kwa kuvuta na mabega.

#8 Tiba_Mazoezi

Uzi mzuri. Niweke mipaka, kwa sababu wapo watakaousoma wakiwa na maumivu tayari.

Asianze bila kuonana na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia: aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo, nyonga au tumbo karibuni, mwenye kizunguzungu kisichoelezeka, mwenye mifupa iliyodhoofika, mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, aliyejifungua karibuni. Mwenye mifupa dhaifu aache kabisa sit-apu za kwenye mpira, kwani kukunja uti wa mgongo kwa nguvu mara kwa mara kunaweza kuvunja pingili. Mjamzito anaweza kukaa na kutembeza nyonga akiwa na mtu karibu na mpira uliozuiwa, lakini kulala chali kwa muda mrefu miezi ya mwisho aepuke.

Kuchoka na kuuma kwa misuli siku ya pili ni kawaida. Maumivu yanayochoma na kushuka mguuni, ganzi, au mguu kuishiwa nguvu ni sababu ya kusimamisha zoezi na kumwona daktari. Ganzi sehemu za siri na eneo linalokalia tandiko, au kushindwa kuzuia mkojo au choo, hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

La pili, na hili nalisisitiza: balansi ya kukaa juu ya mpira haihami yote kwenda kwenye balansi ya kusimama. Mwili hujifunza kile unachokifanya. Mzee anayeogopa kuanguka anahitaji mazoezi ya kusimama: kusimama unyayo mmoja mbele ya mwingine, kusimama mguu mmoja akishika meza, kuinuka kwenye kiti bila mikono. Mpira umsaidie kuwa na kiwiliwili imara, na mazoezi ya kusimama yawe ya lazima pembeni yake. Mpira unaweza kuingia hapo kwa njia moja nzuri: uweke kati ya kiuno na ukuta, miguu hatua moja mbele, shuka kama unataka kukaa, simama hapo magoti yakiwa yamekunjwa nusu, kisha panda. Mara 8. Magoti yaelekee vilipoelekea vidole vya miguu. Aanze na kiti nyuma yake.

#9 Futikamba

Mkuu Tiba_Mazoezi, vipi kuhusu kuutumia badala ya kiti mezani? Hoja ya wanaounga mkono ni kwamba misuli inafanya kazi siku nzima bila mtu kutenga muda. Mimi naona ina mantiki kwa kiasi fulani, maana mtu asiyefanya chochote angalau atakuwa anajigeuzageuza.

#10 Tiba_Mazoezi

Naielewa hoja, ila siikubali. Vipimo vya umeme wa misuli vilivyolinganisha mpira na kiti kwa kawaida vimeonyesha tofauti ndogo, na waliokaa muda mrefu wakalalamikia usumbufu zaidi. Sababu inaeleweka: baada ya dakika 15 au 20 misuli inachoka, mtu anaporomoka kwa nyuma, na mpira hauna egemeo la mgongo wala mikono. Pia mpira unabana mapaja na makalio kwa eneo kubwa kuliko kiti, na urefu wake haurekebishiki kwa meza.

Anayependa aukalie dakika 10, mara mbili au tatu kwa siku, akifanya ile miondoko ya nyonga aliyoeleza Mwalimu. Kuinuka na kutembea kila nusu saa kuna faida zaidi.

#11 Futikamba

Hapo nimekubali, hasa suala la egemeo. Kitu kingine: vyuma juu ya mpira. Oktoba 2009 Francisco García, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Sacramento Kings, alikuwa amelala juu ya mpira akinyanyua vyuma, mpira ukapasuka, akavunjika mfupa wa kigasha. Kila mkono ulikuwa na chuma cha pauni 90, karibu kilo 41. Maandishi ya kilo kwenye boksi ni ya mzigo uliotulia. Mtu anayejitupa juu ya mpira au kudunda anaongeza nguvu mara kadhaa ya uzito wake. Na mpira usiopasuka ghafla una sifa hiyo ukiwa mzima. Ukishakwaruzwa au kuungua na jua, ahadi hiyo imekwisha.

#12 Kigasha

Naongezea upande wa faida. Mwili unapoyumba hauwezi kutoa nguvu zake zote, sehemu inakwenda kwenye kujishikilia. Kwa hiyo hata bila mpasuko, vyuma vizito juu ya mpira havijengi kifua wala mabega kama benchi. Vyuma vibaki kwenye benchi, mpira ubaki na uzito wa mwili. Na kuusimamia kwa miguu sioni sababu yoyote inayolingana na hatari ya kuangukia kisogo.

#13 Mwalimu_Viungo

Kwa wanaotaka ratiba, hii ni ya siku 3 kwa wiki, siku moja ya kupumzika katikati, dakika 20 hadi 25.

Wiki ya 1 na 2: miondoko ya nyonga mara 8, kuinua unyayo mara 6 kila upande, seti 2, daraja mpira ukiwa chini ya magoti mara 8, seti 2, planki ya magoti pumzi 3 mara 4.

Wiki ya 3 hadi 5: kuinua unyayo miguu ikiwa karibu, daraja mpira chini ya mashavu ya miguu mara 10, seti 3, planki ya magoti mara 6, kisha jaribu kukoroga kwa magoti raundi 3 kila upande, skwati ya ukutani (ile ya mpira kati ya kiuno na ukuta aliyoeleza Tiba_Mazoezi) mara 8, seti 2. Ongeza mdudu chali: lala chali, mpira ushikwe kati ya goti la kushoto na kiganja cha kulia, ubane, kisha nyoosha mkono na mguu uliobaki kuelekea sakafuni bila kiuno kuinuka. Mara 5, badilisha. Mpira ukidondoka, mbano umelegea, na hilo ndilo lenye kukuonyesha kosa.

Wiki ya 6 kuendelea: planki magoti yakiwa juu, kukoroga raundi 4 hadi 6, kuvuta mpira kwa visigino mara 6 hadi 8, kusukuma mpira mbele mara 6. Kukaa macho yamefungwa pumzi 5.

Kigezo cha kupanda hatua: siku mbili mfululizo za mazoezi umemaliza seti zote bila kukata pumzi na bila kiuno kuhama. Kalenda haina kauli hapo. Wapo watakaokaa hatua ya kwanza wiki tano na wako sawa kabisa. Uchovu ukikuharibia mkao, maliza siku hiyo, hata kama zimebaki seti.

#14 NyongaImara

Swali la sit-apu litakuja tu, nijibu mapema. Kwa asiye na tatizo la mgongo, zinafanyika: mpira ukae chini ya kiuno na mgongo wa katikati, inua mabega kwa nyuzi 30 tu, mikono ikunjwe kifuani. Mara 10 za taratibu. Shingo ikiuma, umevuta kichwa kwa mikono, au mpira umeshuka chini ya makalio. Ila kwa dakika zilezile, kukoroga kunalipa zaidi.

#15 Futikamba

La kufunga kwa upande wangu ni utunzaji. Kagua mpira kila wiki chini ya mwanga: pitisha kiganja chote, tafuta mkwaruzo unaonasa kucha, sehemu iliyobadilika rangi, au uvimbe. Kimojawapo kikionekana, tupa. Usizibe kwa gundi wala kiraka, plastiki iliyotanuka haishiki kiraka chini ya uzito wa mtu. Vua mikanda yenye kifungo cha chuma, pete na saa kabla ya kuulalia. Safisha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, usitumie petroli wala spiriti. Weka mbali na jua la dirishani na kitu chochote cha moto.

Kizibo kikigoma kutoka, kisishindaniwe kwa kisu wala bisibisi. Shika kingo zake kwa koleo lililofungwa kitambaa, zungusha huku ukivuta kidogokidogo. Tundu likipasuka pembeni hata kwa milimita moja, kizibo kitaruka siku mtu yuko juu, kwa hiyo mpira huo nao umekwisha.